Chipsi za Saa Saba Usiku ni za Jana

Programu ya simu ninayoandikia chakula changu haisubiri mtu alale. Saa sita usiku ikigonga, inaifunga siku, inafungua nyingine tupu, na kunikabidhi kalori 2,000 mpya kana kwamba nimetoka kitandani sasa hivi. Mimi bado niko macho, nimevaa shati la kazini, na tumbo limeanza kudai. Nikila saa sita kasorobo, chakula ni cha leo. Nikila saa sita na robo, ni cha kesho. Muuza chipsi ni yuleyule, mafuta ni yaleyale.

Wanaolala mapema hawana habari na tatizo hili, na kwa bahati mbaya hao ndio wengi kati ya wanaotoa ushauri. Usile baada ya saa mbili usiku, wanasema, na mjadala umekwisha. Ni ushauri unaomfaa mtu ambaye saa mbili yuko kwenye kochi anasubiri taarifa ya habari. Dodoma ninayoijua mimi imejifunza kukesha. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016, kazi zimekuja na usiku wake. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likiwa limepamba moto, kuna ofisi za Serikali kule Mtumba ambazo taa hazizimwi mapema: majibu yanatakiwa asubuhi, jedwali limegoma kulingana, na dereva wa gari la wafanyakazi amelala amekumbatia usukani. Mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku mwaka 2023, stendi kuu ya Nzuguni nayo ikaacha kulala. Mwaka uliofuata treni ya SGR ikafika. Na palipo na watu macho saa saba usiku, hapakosi kikaango cha chipsi.

“Mheshimiwa, kavu au zege?”

Dodoma kila mtu ni mheshimiwa, hasa akiwa na tai shingoni na njaa usoni. Kavu ni chipsi tupu, zege ni chipsi zilizokaangwa pamoja na mayai.

Sasa tufanye hesabu, maana watu hubishana bila kuifanya. Mtu ana lengo la kalori 2,000 kwa siku. Jumatatu, mpaka saa tatu usiku, amekula 1,900. Saa sita na nusu anapiga zege ya kalori 850. Jumanne anakula tena 1,900 zake za kawaida. Programu itasema Jumatatu ilikwenda vizuri, ikaipaka kijani, na Jumanne ikafika 2,750, ikaipaka nyekundu. Ukiirudisha zege Jumatatu, rangi zinabadilishana. Jumla ya siku mbili ni 4,650 kwa vyovyote vile. Kubadilisha tarehe hakujamwongezea wala kumpunguzia hata kalori moja.

Hapo ndipo wengine wanaposema basi andika popote, tarehe haina maana. Kwenye hesabu wako sahihi. Kwenye tabia ya mtu, sivyo. Angalia Jumanne ile. Unaamka, unafungua simu, unakuta 850 zimekwishaliwa na wewe hata chai hujanywa. Unajibana. Asubuhi chai ya rangi, mchana unasema umeshiba, alasiri unatafuna embe. Jioni saa moja mikono inatetemeka, na saa sita usiku uko kibandani tena, una njaa kuliko jana yake. Kumbe ile Jumatatu ya kijani ndiyo iliyokuwa na tatizo, nawe hukuliona, kwa sababu kwenye karatasi ilikuwa siku njema. Adhabu imebebwa na siku isiyohusika.

Tena kuna ujanja wake. Jamaa mmoja ofisini kwetu, kalori za leo zikimwishia saa tano usiku, anakaa na chupa ya maji mpaka saa sita ipite, ndipo anashuka kununua. “Bosi, hiyo ni bajeti mpya,” ananiambia huku akishika ngazi. Nacheka, lakini mimi ni mhasibu, na nimeona watu wazima wakifanya hivyohivyo na fedha zaidi ya hizo ifikapo mwisho wa Juni.

Kazi hiyo ndiyo iliyonipa jibu. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na hakuna anayelia kwamba haukuanza Januari. Kipindi ni makubaliano. Unachagua kinapoanzia, unakiheshimu, na husogezi mpaka eti kwa sababu mwezi huu haukupendezi. Na gharama inaingizwa katika kipindi inachokihusu, hata kama ankara imetua mezani baadaye. Zege ya saa saba usiku inahusu kipindi gani? Njaa yake imetengenezwa na siku ile ndefu: mchana kikao kilipitiliza muda wa kula, chai ya saa kumi ilinyweka bila kitafunwa, gari la kurudi mjini likachelewa. Kesho haijashiriki katika hayo. Chipsi hizo ni za jana, hata simu ikikasirika.

Kwa hiyo siku yangu inafungwa ninapoingia kwenye usingizi mrefu na kufunguliwa ninapoamka. Programu nyingi zinakuruhusu kurudi ukurasa mmoja nyuma na kuandika chakula hapo. Ni kugusa kioo mara moja. Anayetumia daftari ana raha zaidi, maana anapiga mstari pale anapozima taa. Kwa asiyetaka falsafa ya usingizi, aseme tu kwamba kila kitu kabla ya saa kumi alfajiri ni cha siku iliyopita. Saa utakayochagua si muhimu sana. Muhimu ni kuichagua mchana, ukiwa umeshiba, na kuiacha palepale. Mpaka unaochorwa saa sita usiku mbele ya kikaango utachorwa na njaa.

Jambo moja la kuangalia: anayetumia insulini au dawa nyingine za sukari aandike pia saa halisi aliyokula. Dawa haijali siku yangu ya kihasibu, na daktari atataka kujua ilikuwa saa ngapi.

Tukiangalia vizuri, saa zetu wenyewe hazijawahi kuipa saa sita usiku cheo hicho. Tunaanza kuhesabu jua likizama na likichomoza, kwa hiyo saa sita ni katikati ya usiku, mahali pa kugeuza ubavu. Mtangazaji akisema moto umezuka usiku wa kuamkia leo, hakuna anayepiga simu kuuliza kama ulikuwa kabla ya saa sita au baada yake. Usiku ni mmoja.

Ramadhani inalionyesha hili kuliko ofisi yoyote. Siku ya Kiislamu huanza magharibi. Futari, chakula cha baada ya tarawehe na daku la kabla ya alfajiri vyote viko ndani ya siku moja, kisha ndipo mfungo. Simu inaukata usiku huo vipande viwili: uji, tambi na mihogo ya futari tarehe moja, daku tarehe inayofuata. Rafiki yangu wa Chang'ombe, ambaye huhesabu kalori hata mwezi huo, anaandika usiku mzima kwenye ukurasa mmoja. Futari ikiwa imezidi, anaona palepale kwamba daku lipungue. Angefuata simu, angelikuta daku la usiku uliopita limeunganishwa na futari ya usiku mwingine, na katikati yake mchana mzima bila hata tone la maji. Hesabu ya namna hiyo haimsaidii mtu kuamua chochote.

Halafu kuna watu wa zamu. Mke wangu ni muuguzi. Wiki za zamu ya usiku anaamka alasiri, anakula ugali kama chakula chake cha kwanza, anaondoka jioni. Katikati ya usiku, wodi ikitulia, anapata chai ya maziwa na chapati. Asubuhi anarudi, anakunywa uji, anafunga pazia na kulala. Kwake yeye hiyo ni siku moja iliyonyooka, yenye mwanzo, katikati na mwisho. Simu inamwonyesha nusu ya siku mbili: leo ugali bila chapati, kesho chapati bila ugali. Kanuni ya usingizi mrefu ndiyo pekee inayomfaa.

Ina kasoro yake, na kasoro hiyo inajitokeza siku ya kuhama zamu. Akitoka usiku na kurudi mchana, kuna siku inarefuka mpaka inapita saa 24 kwa mbali, na nyingine inakuwa fupi kama kipande. Siku ya saa 30 lazima iwe na kalori nyingi, na huwezi kuiita ulafi. Hapo tunaacha kutazama siku na kutazama wiki. Lengo la 2,000 kwa siku ni 14,000 kwa wiki. Unajumlisha yote, unagawa kwa saba, unaona ulipo. Kusema kweli, hata kwa asiye na zamu, wastani wa wiki ni namba ya maana kuliko ya siku yoyote. Wiki inameza harusi, msiba, safari na usiku wa bajeti.

Lakini yote haya yanadhani kwamba chakula kimeandikwa. Tarehe isiyo sahihi haimpotoshi mtu kama sahani isiyoandikwa kabisa. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya kuwapima watu waliodai kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Ilionekana kwamba kwa wastani walikuwa hawaandiki asilimia 47 ya walichokula. Yaani chakula halisi kilikaribia mara mbili ya kilichokuwa kwenye karatasi, na walikuwa wanaamini walichoandika.

Utafiti huo haukulenga chakula cha usiku. Mimi, kwa kuishi mji huu, nina mshukiwa wangu. Chakula cha mchana kina meza, kina sahani, kina wenzako wanaokutazama. Cha saa saba usiku kinaliwa umesimama, gizani, kutoka kwenye mfuko aliokufungia muuzaji, mwenzako akichomoa chipsi zako na wewe ukichomoa mshikaki wake, simu imebaki na chaji ya kukuitia bodaboda tu. Asubuhi kimekuwa kama ndoto. Nani ataandika ndoto? Dawa yake ninayoiamini ni ujumbe wa malipo. Ukilipa kwa simu, asubuhi utaukuta ujumbe pale una tarehe, saa na kiasi cha fedha, na kiasi cha fedha kinakumbusha kama ilikuwa kavu, zege, au zege na mishikaki. Mhasibu yeyote atakwambia risiti ina kumbukumbu nzuri kuliko mwenye nayo.

Na uandike ngapi? Programu nyingi zimetengenezwa mbali na hapa. Zinazijua chipsi za Marekani kwa gramu, lakini zege hazijawahi kuisikia. Kwa vyakula vyetu tuna majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyotoka mwaka 2008, kazi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, na humo utakuta ugali na vyakula vingine vya nyumbani. Zege inabidi uijenge mwenyewe. Chipsi zilizokwishakaangwa, gramu 200, ni kama kalori 600. Mayai mawili ni 140 na kidogo. Kijiko cha chakula cha mafuta, gramu 14 hivi, ni kalori 120, na alizeti ya Singida haina nafuu kuliko mafuta mengine yoyote hapo, ingawa naipenda zaidi. Tumefika 860. Mpishi mwenye mkono mzito ataongeza kijiko kingine bila kukuuliza. Kachumbari andika sifuri ulale. Soda ya mililita 350 ni kalori 140 au 150, nayo ndiyo wengi husahau, kwa sababu kimiminika hakionekani kama chakula.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyetuachia viwango tunavyovitumia mpaka leo: gramu ya wanga kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Ndiyo maana sahani iliyoogelea kwenye mafuta inapita nyingine iliyo kubwa mara mbili. Unga wa uwele gramu 100 ni kalori kama 360. Ugali wake na mlenda usiotiwa karanga, kama unavyopikwa kwenye nyumba nyingi za Wagogo, haufiki hata nusu ya zege na soda yake, na unakulaza mpaka asubuhi. Tatizo ni kwamba saa saba usiku barabarani hakuna anayekuuzia mlenda. Siku atakapotokea mtu wa kufungua kibanda hicho karibu na stendi, nitakuwa mteja wake wa kwanza. Kwa sasa namuomba mpishi wa nyumbani aniachie kiporo mezani, na kiporo kinaandikwa siku kinapoliwa, hata kama kilipikwa juzi.

Je, chakula cha usiku kinanenepesha zaidi ya kilekile cha mchana? Hapa watu wanagawanyika pande mbili, na zote zinapaza sauti kuliko ushahidi unavyoruhusu. Mwaka 2022 watafiti wa Boston waliwaweka watu 16 wenye uzito uliozidi kwenye maabara, wakawapa chakula kilekile kwa ratiba mbili, moja ikiwa imecheleweshwa kwa karibu saa nne. Kwenye ratiba ya kuchelewa walisikia njaa zaidi, na nishati waliyotumia wakiwa macho ilipungua kwa asilimia 5 hivi. Huko Hispania, mwaka 2013, watu 420 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walifuatiliwa, na waliokula mlo wao mkubwa baada ya saa tisa alasiri walipungua kidogo kuliko waliokula mapema. Kwa hiyo mwili una saa yake, na saa hiyo haipendi sana zege ya usiku wa manane. Lakini asilimia 5 ni kiasi kidogo ukilinganisha na kalori 850 zilizoachwa bila kuandikwa. Kinachonishtua kwenye utafiti wa Boston ni ile njaa. Ukila kwa kuchelewa, utatafuta tena chakula, na kutafuta huko hakuna programu inayokuonyesha.

Nami sioni faida ya kumwambia mlinzi, muuguzi au dereva wa basi la usiku alale na njaa kwa sababu saa mbili imepita. Ale. Ale kidogo kabla ya kuingia zamu, abebe kitu kutoka nyumbani, na sehemu kubwa ya chakula aisogeze kwenye saa ambazo kuna jua kadiri kazi inavyomruhusu. Kwetu hilo limemaanisha chakula cha jioni kizito kidogo saa kumi na mbili, hata kama ni cha kubeba kwenye hotipoti hadi ofisini, na usiku inabaki karanga au ndizi. Karanga nazo zina hesabu yake: gramu 30, kiganja kimoja tu, ni kalori 170.

Anayepima uzito kila asubuhi aukumbuke pia usiku wake. Ukila chipsi zenye chumvi saa saba na kupanda mizani saa kumi na mbili, mizani itakupa hata kilo nzima ya ziada. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inakadiriwa kubeba kalori 7,700 hivi, na hakuna kibanda Dodoma kinachouza sahani ya namna hiyo. Ulichopima ni chakula kilichomo tumboni, na maji yaliyokuja na chumvi. Pima tena baada ya siku mbili tatu za kula na kulala kawaida.

Suala moja bado linabishaniwa nyumbani kwetu. Nikirudi na basi la usiku kutoka Dar es Salaam na kushuka Nzuguni saa kumi alfajiri, pale stendi kuna supu ya mbuzi na chapati, na kuipita inahitaji imani kubwa. Nakula, nafika nyumbani, nalala mpaka saa nne. Mimi naiandika jana, maana sijalala usingizi mrefu. Mke wangu hakubali.

“Baba watoto, supu na chapati alfajiri ni kifungua kinywa. Tangu lini ikawa chakula cha usiku?”

“Tangu nilipoila kabla ya kulala.”

“Basi ulilala kwenye basi. Ulikoroma toka Morogoro, konda ni shahidi.”

Hoja ya konda imenipa shida. Kwa sasa supu inaandikwa jana, nayo chapati leo, na mizania imelingana.